Banda la kuku linachoma macho asubuhi masika haya, ninunue feni ya kutoa hewa au nibomoe ukuta?

Mfugaji_Vitongoji

Asalaam alaykum ndugu zangu. Mie nipo Vitongoji huku Pemba nafuga kuku wa mayai, wapo kama 300, banda urefu mita 12 na upana mita 5, sakafu ya saruji na juu yake maranda. Kiangazi chote sikuwa na tatizo. Tangu masika yaanze nikifungua mlango asubuhi harufu inanipiga mpaka machozi yanatoka, na si mimi tu, kuku baadhi wanafumba macho, wengine jicho limevimba lina povu, usiku wakishalala nasikia wanakoroma na kupiga chafya, na mayai yamepungua. Daktari wa mifugo kaja kawaangalia, kasema dawa atatoa lakini hewa ya banda isipotengenezwa tutakuwa tunarudi palepale.

Banda limekaa hivi. Urefu wake umelala kusini kaskazini. Upande wa mashariki ndo wa njiani kwaiyo ukuta wa tofali umekwenda mpaka juu una vidirisha vinne vidogo tu, kwa ajili ya wezi. Magharibi kozi tatu za tofali halafu waya wa kuku mpaka juu. Kusini tofali tupu, kaskazini tofali na mlango. Paa la bati. Mvua ikianza nashusha turubali magharibi yote, na usiku nafunga kwa ajili ya baridi na ngawa. Ndani nimeweka feni ya kusimama inazunguka usiku kucha lakini faida yake siioni.

Sasa kuna aliyenambia ninunue ile feni ya ukutani inayotoa hewa nje, bei yake si ya mchezo. Mwengine kasema nibomoe ukuta. Na jirani kanambia nimwage majivu na chokaa juu ya maranda harufu itakata. Nataka kujua kabla sijatia pesa, naombeni msaada wenu.

UmmuSalha_Fuoni

Waalaykum salaam kaka. Kwanza chokaa usimwage tafadhali, na majivu pia usimwage kuku wakiwa ndani. Hiyo harufu ni amonia. Mavi ya kuku yana asidi ya yuriki, yakipata unyevu bakteria wanaivunja inatoka hiyo gesi, na chokaa ukiitia kwenye maranda mabichi inaifumua amonia iliyokuwa imejishika humo inatoka yote kwa mara moja, na wanaoivuta ni kuku. Majivu ni hivyo hivyo. Chokaa kazi yake banda likiwa tupu, umeshatoa maranda yote umeosha sakafu imekauka, hapo paka utakavyo.

Pili angalia maji. Kuku mmoja wa mayai anakunywa kama robo lita kwa siku, joto likizidi anakunywa zaidi, kwaiyo kwa kuku wako 300 ni lita 60 au 75 kila siku zinaingia humo bandani. Kidogo zinatoka na mayai, nyengine zote zinabaki kwenye mavi na kwenye pumzi zao. Kiangazi upepo ulikuwa unazichukua ndo maana hukuona tatizo, sasa ukishusha turubali usiku kucha maji hayo hayana pa kwenda, yanapanda na joto la kuku yanagonga bati ambalo usiku limeshapoa, yanarudi matone juu ya maranda. Amka alfajiri moja ushike bati kwa ndani utaona mkono unarowa.

Fanya na hili leo. Chukua maranda ngumi moja uyabane. Ukifungua mkono yakabaki donge basi yamerowa kupita kiasi, yakijishika kidogo halafu yakamomonyoka ndo yanavyotakiwa, na yakiwa vumbi tupu nayo si mazuri, yanaleta vumbi kwenye mapafu. Chini ya vyombo vya maji lazima utakuta yamegandana kama sahani, yang'oe yote utoe nje, tia makavu. Kazi hiyo ifanye asubuhi turubali likiwa wazi na upepo unapita, usichimbue maranda jioni ukafunga, maana ukiyageuza ndo unaitoa gesi yote.

Na hiyo feni ya kusimama ndani ya banda lililofungwa inazungusha hewa ile ile chafu, haitoi hata chembe nje. Usiku izime.

Fundi_Mabanda_Chake

Nakubali yote ya Ummu Salha. Mie ntazungumzia jengo maana ndo kazi yangu hapa Chake.

Kaka, hewa ili ipite inataka pa kuingilia na pa kutokea. Banda lako lina upande mmoja tu ulio wazi, ule wa magharibi. Upepo ukija unafika pale kwenye waya unakutana na hewa iliyokaa ndani haina njia, unageuka unaondoka. Yani hata kiangazi banda lako lilikuwa linapumua nusu, ila ukavu ulikuwa unakusaidia.

Angalia pepo zetu. Kusi inatoka kusini na kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini na kaskazini mashariki. Ndo maana banda likijengwa mwanzo tunasema lilale mashariki magharibi, zile pande mbili ndefu ziangalie kusini na kaskazini, pepo zote mbili za mwaka zinaingia kwa ubavu na jua la asubuhi na la jioni linapiga zile pande fupi za tofali. La kwako limelala kinyume lakini usihuzunike, halibomolewi. Ukifikiri vizuri ubavu wako wa mashariki ndo unaopata kusi kwa pembeni na kaskazi kwa pembeni, zote mbili. Na huo ndo uliozibwa! Kwaiyo jawabu lako lipo kwenye ukuta wa njiani, toboa huo, upepo uingie mashariki utokee magharibi, upana mita 5 tu, banda jembamba kama hilo upepo mdogo unalipita lote. Mabanda ya upepo wa asili yanaanza kusumbua yakizidi upana mita 9 au 10, la kwako hata nusu ya upana huo halijazidi sana.

Feni ya ukutani usinunue. Ile inafanya kazi kwenye banda lililofungwa kila upande likaachiwa tundu maalumu za kuingizia hewa upande wa pili. Ukiifunga kwenye banda lenye waya, itavuta hewa ya pale karibu yake kwenye waya na kuitoa papo hapo, kule mwisho wa banda hakufiki kitu. Na ukisema basi nizibe waya wote niitegemee feni, siku umeme unakatika usiku wa joto kuku 300 wanakufa, huna jenereta ya kujiwasha yenyewe.

Wezi nawajua, wapo kila pahala. Acha kozi tatu za chini, juu yake toboa madirisha marefu, baina ya dirisha na dirisha acha nguzo ya ukuta wa kutosha, na uniambie kwanza kama ukuta una lenta juu, yani ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya ukuta. Kama hauna lenta usiguse tofali hata moja mpaka utie miti ya kuegemeza paa, tunatoboa dirisha moja tunamaliza ndo tunakwenda la pili. Kwenye uwazi usitie waya wa kuku mtupu, tia weldimeshi, ule wavu mgumu wa chuma uliochomelewa, na nondo mbili tatu za kulala. Ngawa hapiti, mwizi naye atapata kazi. Ila tundu za wavu zisiwe ndogo kama za chandarua, zile zinazuia upepo na vumbi la kuku likishikana nazo na utando wa buibui inakuwa ukuta. Hata weldimeshi inataka ufagio kila baada ya muda.

Babu_Konde

Wanangu mie nimefuga kuku tangu ujana wangu huku Konde na nakwambieni kuku hawataki upepo wa usiku. Kusi ikivuma na mvua kuku wanarowa wanakamatwa na mafua, asubuhi unakuta wamejikunyata. Mimi nafunga na kuku wangu wapo. Msimfanye kijana wa watu akafungua banda masika akapoteza mali.

UmmuSalha_Fuoni

Shikamoo babu. Neno lako la kurowa ni la kweli kabisa na sote tunalikubali, kuku akirowa halafu akapigwa na upepo ataugua. Lakini baridi yetu si baridi ya kumuumiza kuku mkubwa mwenye manyoya yote, hata kipupwe usiku hauteremki sana chini ya digrii 20, na kuku wa mayai katika hali hiyo yupo raha. Kinachomuumiza ni joto, kwa sababu hana jasho, anapoa kwa kuhema tu, na ikishapita digrii 30 utamuona ameachama mdomo na mabawa ameyaachia.

Na babu huenda kuku wako ni wa kienyeji, wachache, banda la makuti na kuta za udongo au fito? Banda kama hilo linapumua lenyewe hata ukifunga mlango, hewa inapita kwenye makuti. La ndugu yetu ni bati na saruji na kuku 300 wa kisasa, ukifunga umefunga kweli.

Mafua nayo babu, amonia ndo inawafungulia mlango. Kwenye koo la kuku kuna vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma vumbi na vijidudu kutoka nje, gesi ile inavilemaza, basi kila ugonjwa wa hewa unaopita unaingia mpaka chini. Kiwango wanachosema wataalamu kisipitwe ni sehemu 25 katika milioni, na pua ya binadamu mwenye kuingia mle kila siku inazoea, hata ikifika hapo haioni kitu. Kaka ukiwa macho yako yanatoka machozi wewe uliyesimama, huko chini walipo kuku ni zaidi. Chutama kimo cha kuku uvute hewa ya pale, au mwite mtu ambaye hafugi aingie akwambie.

Babu_Konde

Marahaba mwanangu. Ni kweli langu la makuti na kuku ni wa kienyeji. Basi wafungue lakini wahakikishe mvua haiingii.

Fundi_Mabanda_Chake

Ahsante babu, hapo kwenye mvua ndo penyewe. Kuzuia mvua ni kazi ya paa, si kazi ya turubali. Ukingo wa paa ukitoka nje ya ukuta mita moja hivi mvua ya kawaida haifiki ndani hata waya ukiwa wazi. Mabanda mengi nayoyaona paa limekatwa shubiri moja nje ya ukuta ili kuokoa bati, halafu mtu analipa kwa turubali na kwa kuku wagonjwa miaka yote. Kaka kama paa lako fupi ongeza hata kwa makuti, tunafunga makombamoyo kwenye kenchi tunaezeka kipande cha nje. Na magharibi makuti hayo yatakukingia jua la alasiri.

Turubali nalo watu wengi wanalitundika vibaya, wanalipigilia juu wanalishusha kama pazia la chumbani. Kwa hivyo ukifungua kidogo unafungua chini, upepo unampiga kuku moja kwa moja, na juu kwenye joto na mvuke pamefungwa. Geuza. Chini lipigilie kwenye kozi ya tofali, juu tia mti au bomba na kamba na roda, liwe linapanda kutoka chini kwenda juu. Usiku wa mvua unalipandisha mpaka libaki kama sentimita 30 juu halijafunga, uwazi huo haufungwi kamwe, hata mvua ya namna gani. Hewa safi inaingia juu ya vichwa vya kuku, inachanganyika, ya moto inatoka. Mvua ikikatika unalishusha lote.

La tatu kama pesa ipo ni mgongo wa paa. Hewa ya moto inapanda, ikikuta kofia ya bati imezibwa inakaa pale. Nchi za baridi wanahesabu uwazi wa sentimita 5 kwa kila mita 3 za upana wa banda, kwa joto letu mimi naacha 20 mpaka 30 na juu naweka kofia iliyonyanyuliwa, pana, inapita pande zote mbili ili mvua isiingie. Usiku ambao hakuna upepo kabisa, zile siku za maleleji, hiyo ndo inayokuokoa maana inafanya kazi kwa joto la kuku wenyewe.

Ngombe_Mwera

Jamani naomba kujiegemeza hapo hapo, mie Unguja, Mwera, nina ng'ombe wa maziwa machotara na ndama. Banda la ng'ombe lipo wazi pande zote halina shida ila chumba cha ndama nimekizungushia tofali kwa ajili ya baridi. Ndama wanakohoa. Ni mambo hayo hayo?

UmmuSalha_Fuoni

Ni hayo hayo. Ndama mapafu yake ni mepesi kudhurika, na mkojo kwenye sakafu ya chumba kilichofungwa unatoa amonia ile ile, na yeye analala chini kabisa pua ipo juu ya mkojo. Bomoa nusu ya juu ya tofali pande mbili zinazotazamana, acha chini pazibwe kimo cha ndama aliyelala asipigwe na upepo, tia majani makavu mengi ya kulalia na sakafu iwe na mteremko wa kupeleka mkojo nje. Jaribu hivi, piga magoti juu ya majani kidogo, ukinyanyuka suruali imerowa basi ndama naye amelala kwenye maji. Na daktari amuone maana kikohozi kina sababu nyingi.

Hao wakubwa waangalie mbavu. Saa nane mchana ng'ombe yupo kivulini, ametulia, hesabu pumzi zake, zikipita 60 kwa dakika joto linamzidi na maziwa yatapungua tu. Machotara wenye damu ya Ulaya wanasumbuka mapema kuliko zebu wetu.

Vifaranga_Wete

Samahani na mimi niulize, hayo ya kuacha uwazi juu na kwa vifaranga pia? Mie nina vifaranga wa siku moja nimewapokea, umeme wa huku unakatika kwaiyo natumia jiko la mkaa na nimeziba chumba chote kwa mapolo joto lisitoke.

UmmuSalha_Fuoni

Dada yangu nakuomba sasa hivi nenda kafungue juu ya mapolo hayo halafu ndo urudi usome. Mkaa ukishakolea hautoi moshi ndo watu wanaona salama, kumbe ndo unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Inaua vifaranga na inaua mtu, usilale mle ndani wala usimwache mtoto alale kuwalinda.

Vifaranga wanataka joto kweli, wiki ya mwanzo digrii 32 mpaka 34 pale wanapokaa, halafu unapunguza kama digrii 3 kila wiki. Lakini joto linatakiwa kwenye duara lao, si chumba kizima. Weka duara la kadibodi au bati chini, joto liwe katikati, na chumba juu kiwe na uwazi pande mbili. Wao wenyewe watakwambia, wakirundikana pamoja baridi, wakikimbilia ukingoni na kuachama midomo joto limezidi, wakitawanyika wanakula wanalala ovyo ovyo hapo pazuri. Wakirundikana kona moja tu upande mmoja wa duara ujue kuna upepo unawapiga chini, ziba pale chini. Kama unaweza kupata chungu cha udongo kilichofunikwa vizuri mkaa ndani yake afadhali kwa moto, lakini gesi inatoka vile vile, kwaiyo uwazi wa juu haukwepeki.

Vifaranga_Wete

Nimefungua dada, kulikuwa na vitatu vimelegea nimevitoa nje vimeanza kusimama. Allah akulipe kheri. Nilikuwa nalala nao.

Mfugaji_Vitongoji

Mashallah nimesoma yote mara mbili. Fundi, lenta ipo, inazunguka banda zima. Maranda nimeyabana, donge kabisa, na chini ya vyombo vya maji ni kama alivyosema Ummu Salha, sahani sahani, nimetoa mapolo kadhaa na bado. Alfajiri bati nimelishika limerowa mpaka maji yanachuruzika. Turubali leo nimeligeuza, bado roda sina nimefunga kamba tu.

Maswali yangu mawili. Maranda makavu kupata masika haya ni taabu, kila fundi seremala yake yamerowa, naweza kutumia kumvi za mpunga? Na feni ya kusimama niiuze?

UmmuSalha_Fuoni

Kumvi za mpunga ni nzuri sana, hazigandani haraka, changanya na maranda. Zianike kwanza uhakikishe hazina ukungu, ukungu ni ugonjwa mwengine wa mapafu. Usianike kwenye lami ukachanganya na mchanga. Vyombo vya maji navyo vinyanyue juu ya tofali, mdomo wa chombo uwe sawa na mgongo wa kuku, vikikaa chini wanamwaga nusu ya maji na kazi yote hii itakuwa bure. Wale wenye macho yaliyovimba watenge karibu na maji na chakula maana hawaoni vizuri wanasukumwa na wenziwe, na dawa ya daktari waendelee nayo. Macho yanachukua muda kupona hata hewa ikishakuwa safi, usivunjike moyo ukaona wiki ya mwanzo bado.

Fundi_Mabanda_Chake

Kama lenta ipo basi alhamdulillah, kazi imekuwa nyepesi, madirisha ya mashariki yanatobolewa bila ya paa kutikisika. Masika ukuta umerowa lakini tunaweza, tuchague siku kavu, kuku tuwahamishie upande mmoja tuwakinge na vumbi la saruji kwa turubali.

Feni usiuze. Mchana wa kiangazi saa saba upepo umesimama, turubali zote zipo chini, pande zote mbili zipo wazi, hapo iweke upande wa mashariki itazame magharibi, kimo cha kuku, inawapunguzia joto na inasaidia hewa kuvuka. Usafishe mapanga yake na mota, vumbi la kuku likijaa kwenye mota inashika moto, na waya wa umeme usipite chini kwenye maranda. Nitumie picha ya ukuta wa njiani kwa ndani na kwa nje, na urefu kutoka kozi ya tatu mpaka kwenye lenta, nikukadirie weldimeshi ngapi.